Kompyuta za nyumbani zikikataa kuonana, mzazi aanzie wapi?

Nyumba nyingi za mjini siku hizi zina kompyuta zaidi ya moja. Ipo ile ya mezani iliyonunuliwa zamani, yenye printa na picha za familia za miaka yote. Ipo pia kompyuta mpakato ya mzazi, na pengine nyingine ya mtoto aliyeko sekondari au chuoni. Zote zinapata intaneti kutoka ruta moja, lakini mafaili yametawanyika: hili liko sebuleni, lile liko chumbani.

Hapo ndipo flashi inapoanza kuzunguka kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Leo imetoka stationery ikiwa na virusi, kesho haijulikani iko kwenye begi la nani. Wengine huamua kujitumia faili kwa barua pepe au WhatsApp, kutoka chumba kimoja kwenda cha pili.

Njia hiyo ina gharama ambayo wazazi wengi hawaioni. Video ya GB 1 ikitumwa kupitia intaneti hula bando mara mbili, kwanza ikipanda, kisha ikishuka. Picha zikipitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, na barua pepe nyingi hazikubali faili linalozidi MB 25.

Kompyuta zilizo kwenye ruta moja zinaweza kupeana faili moja kwa moja. Safari yote inaishia ndani ya nyumba, hivyo bando haliguswi. Hata siku intaneti imekatika, kazi inaendelea ilimradi ruta ina umeme.

Tatizo ni kwamba siku ya kuhitaji ndiyo siku ya kukataa. Mtoto anataka kuchapisha kazi ya shule saa mbili usiku, anaita, "Mama, kompyuta ya sebuleni haionekani." Jana ilionekana. Leo kuna ujumbe wa Kiingereza wenye namba ndefu, na hakuna anayejua maana yake.

Kinachofuata katika nyumba nyingi ni haraka. Kijana wa nyumbani, au fundi wa mtaani aliyeitwa, anazima ulinzi mmoja baada ya mwingine mpaka kompyuta zionane. Zikionana, kila mtu anafurahi na fundi analipwa. Hakuna anayeuliza ni milango mingapi imeachwa wazi.

Ukweli ni kwamba kompyuta zinapokataa kuonana, sababu huwa chache na zinajulikana. Zikikaguliwa kwa mpangilio, kuanzia chini kwenda juu, mzazi asiye fundi anaweza kuipata iliyo yake bila kuzima ulinzi wowote. Maelezo yafuatayo yanahusu zaidi kompyuta za Windows, kwa kuwa ndizo zilizo katika nyumba nyingi.

Je, ziko kwenye mtandao mmoja?

Swali hili linaonekana la kitoto, lakini ndilo linalotatua matatizo mengi. Mara nyingi kompyuta moja iko kwenye ruta, na nyingine imejiunga na hotspot ya simu ya baba bila mtu kugundua, kwa sababu iliwahi kuitumia siku ruta ilipoisha bando. Zote zina intaneti, lakini ni sawa na watu wawili walio katika nyumba mbili tofauti.

Mzazi atazame jina la Wi-Fi kwenye kompyuta zote mbili. Lazima liwe jina moja. Kompyuta moja ikiwa imeunganishwa kwa waya na nyingine kwa Wi-Fi hakuna ubaya, mradi ruta ni ileile.

Ruta nyingi pia zina mtandao wa pili kwa ajili ya wageni. Huo hutengenezwa makusudi ili mgeni apate intaneti bila kuona vitu vya wenye nyumba. Kompyuta ya mtoto ikiwa imeunganishwa huko, itafungua tovuti zote lakini haitaiona ya sebuleni kamwe. Dawa ni kuihamishia kwenye mtandao wa familia.

Kwa uhakika zaidi, kila kompyuta iulizwe anwani yake. Mzazi afungue dirisha jeusi la "Command Prompt", aandike ipconfig na kubonyeza Enter. Katika mstari wa "IPv4 Address" ataona namba kama 192.168.1.12. Kwa ruta za kawaida za nyumbani, sehemu tatu za mwanzo zinapaswa kufanana kwenye kompyuta zote mbili, na ya mwisho itofautiane. Namba ikianza na 169.254, kompyuta hiyo haikupewa anwani na ruta. Izimiwe Wi-Fi na kuwashwa tena, na ikishindikana ruta yenyewe izimwe kwa dakika moja na kuwashwa.

Kuna jambo jingine la kutazama hapa. Kama kompyuta mojawapo ina programu ya VPN, izimwe kwa muda wakati wa kukagua. Baadhi ya programu hizo hupeleka mawasiliano yote nje na kuifanya kompyuta isizione zilizo karibu nayo.

Je, kompyuta inajua iko nyumbani?

Windows huugawa mitandao katika makundi mawili. Kundi la kwanza huitwa "Public", yaani mahali pa watu wote kama hotelini, maktaba au stendi ya basi. La pili ni "Private", yaani mahali panapoaminika kama nyumbani. Ikiwa kwenye mtandao wa kundi la kwanza, kompyuta hujificha isionekane na zilizo jirani, na hufanya hivyo kwa makusudi ili kumlinda mwenye nayo.

Kompyuta inapojiunga na mtandao mpya, aghalabu huuhesabu kuwa wa watu wote mpaka iambiwe vinginevyo. Ndiyo sababu kubadilisha ruta, au hata kubadilisha jina la Wi-Fi, kunaweza kuvunja mpango uliokuwa unafanya kazi kwa miaka. Kwa mtazamo wa kompyuta, familia imehamia nyumba mpya.

Marekebisho yake ni mepesi. Mzazi aingie kwenye "Settings", kisha sehemu ya mtandao, abonyeze jina la Wi-Fi ya nyumbani na kuchagua "Private". Afanye hivyo kwenye kompyuta zote mbili.

Baada ya hapo aende kwenye ukurasa wa "Advanced sharing settings". Chini ya mtandao wa "Private" kuna vitufe viwili vinavyopaswa kuwashwa. Cha kwanza ni "Network discovery", kinachoruhusu kompyuta kuonana. Cha pili ni "File and printer sharing", kinachoruhusu kugawana mafaili na printa. Chini ya "Public" vyote viwili vibaki vimezimwa.

Mpango huu una faida ambayo mzazi anapaswa kuielewa. Mtoto atakapokwenda na kompyuta yake shuleni au kwenye mgahawa wenye Wi-Fi ya bure, kompyuta itatambua kwamba hapo si nyumbani na itajifunga yenyewe. Akirudi, itafungua tena kwa ajili ya familia. Fundi anayezima ulinzi wote huua utaratibu huo, na kompyuta hubaki wazi popote inapokwenda.

Iko macho, na jina lake ni lipi?

Kompyuta iliyolala haijibu mtu. Nyingi zimepangwa kulala zenyewe baada ya dakika kadhaa bila kuguswa ili kuokoa umeme. Mtoto aliyeko chumbani ataona folda imetoweka ghafla katikati ya kazi, kumbe ya sebuleni imesinzia. Kuigusa kipanya kunatosha kuiamsha. Kama hali hiyo inajirudia, mzazi aongeze muda wa kulala kwenye mipangilio ya umeme.

Hata ikiwa macho, huenda isijitokeze kwenye orodha ya "Network". Orodha hiyo huchelewa na wakati mwingine husahau. Kutoonekana kwenye orodha si lazima kumaanishe kwamba haifikiki. Njia ya uhakika ni kuiita kwa jina.

Jina la kompyuta linapatikana kwenye "Settings", sehemu ya "System", kisha "About". Kwenye kompyuta nyingine, mzazi afungue dirisha la mafaili na katika nafasi ya juu ya anwani aandike mikwaju miwili inayolalia kushoto ikifuatwa na jina hilo, kwa mfano \\SEBULENI, halafu abonyeze Enter.

Jina likikataa, ajaribu namba iliyopatikana kwa ipconfig, kwa mfano \\192.168.1.12. Namba ikikubali na jina likakataa, hitilafu iko kwenye majina tu, na kuwasha ruta na kompyuta upya mara nyingi huimaliza. Vyote viwili vikikataa, arudie hatua mbili zilizotangulia, maana ujumbe wenye namba 0x80070035 husema tu kwamba njia ya kufika huko haikupatikana.

Namba hiyo isitumike kama anwani ya kudumu. Ruta huzigawa upya mara kwa mara, na ya leo inaweza kuwa ya simu ya mtu mwingine kesho. Jina ndilo la kukariri.

Kwa kompyuta zilizonunuliwa zikiwa zimetumika, jambo moja zaidi lichunguzwe. Duka likiziandaa kwa kunakili diski moja, zinaweza kuwa na jina lilelile. Mbili zenye jina moja ndani ya nyumba huchanganyana. Moja ipewe jina jipya kwenye ukurasa huohuo wa "About", kisha izimwe na kuwashwa.

Nenosiri, wala si PIN

Hapa ndipo wengi hukwama na kukata tamaa. Kompyuta ya sebuleni imepatikana, lakini inauliza jina na nenosiri. Mzazi anaandika zile tarakimu nne anazofungulia kila asubuhi, inakataa. Anarudia, inakataa tena.

PIN hufanya kazi kwenye kompyuta ileile ilipowekwa tu, haisafiri kwenye mtandao. Kinachotakiwa ni nenosiri lenyewe la akaunti. Kama akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe ya Microsoft, jina la kuandika ni hiyo barua pepe nzima, na nenosiri ni la barua pepe hiyo. Watu wengi walilitumia siku moja tu, siku ya kununua kompyuta, na tangu hapo wamelisahau.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba jina na nenosiri vinavyoulizwa ni vya kompyuta yenye mafaili, wala si vya ile inayoomba. Mtoto aliyeko chumbani hawezi kuingia sebuleni kwa nenosiri la kompyuta yake, isipokuwa akaunti kama hiyo iwepo pia sebuleni.

Jambo la tatu linawashangaza wengi zaidi. Akaunti isiyo na nenosiri kabisa haiwezi kutumika kuingia kupitia mtandao. Windows hukataa kwa kawaida yake, hata kama mtu anayekaa mbele ya kompyuta hiyo hufungua bila kuulizwa chochote. Kuacha nafasi ya nenosiri tupu hakusaidii.

Suluhisho zuri kwa familia ni kufungua akaunti ndogo kwenye kompyuta ya sebuleni kwa ajili ya kugawana mafaili tu. Iitwe "familia", isiwe na mamlaka ya kubadilisha mipangilio, na ipewe nenosiri refu ambalo watu wa nyumbani wanalikumbuka. Hivyo mzazi halazimiki kumpa mtoto nenosiri la barua pepe yake ili achapishe kazi ya shule.

Nenosiri likibadilishwa baadaye, kompyuta nyingine zitaendelea kupeleka la zamani kimyakimya na kukataliwa. La zamani lifutwe kwenye sehemu iitwayo "Credential Manager", ndipo liulizwe upya.

Mlango una kufuli mbili

Wakati mwingine folda inaonekana, lakini haifunguki. Au inafunguka, ila mtoto hawezi kuhifadhi kitu ndani yake. Kompyuta zimeshaonana, sasa tatizo ni ruhusa.

Folda inayogawanywa huwa na kufuli mbili. Moja ni ya mtandao, inayoamua nani aingie kutokea nje. Nyingine ni ya folda yenyewe, inayoamua nani aguse kilichomo. Mtu anayetoka kwenye mtandao hupita zote mbili, na ile kali ndiyo inayoshinda. Ya kwanza ikisema "andika" na ya pili ikisema "soma tu", atasoma tu.

Njia rahisi ya kuzipanga zote kwa pamoja ni kubonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kuchagua "Properties", kisha ukurasa wa "Sharing", kisha kitufe cha "Share". Hapo mzazi anachagua akaunti ya "familia" na kuipa moja kati ya haki mbili: "Read", yaani kusoma na kunakili tu, au "Read/Write", yaani kusoma, kuandika na kufuta.

Familia yenye Mac haijaachwa nje. Ukurasa wa "File Sharing" umo ndani ya sehemu ya "Sharing" kwenye mipangilio. Kinachosahaulika ni kubonyeza sehemu ya chaguo za ziada na kuweka tiki kwenye jina la mtumiaji atakayeingia kutoka kompyuta ya Windows. Bila tiki hiyo, nenosiri sahihi linaweza kukataliwa kila mara.

Njia za mkato zenye gharama

Mzazi akiwa amechoka, atakutana na ushauri wa aina nne. Kila mmoja unaweza kufanya kompyuta zionane, na kila mmoja una bei yake.

Wa kwanza ni kuzima faiawoli, yaani mlinzi wa mlangoni wa kompyuta. Kuizima kwa dakika mbili ili kujua kama ndiyo inayozuia kunaweza kuvumilika, kisha iwashwe papo hapo. Kama ndiyo iliyozuia, dawa ni kurekebisha ile "Private" na vile vitufe viwili. Kama imewekwa programu nyingine ya kuzuia virusi, huenda ina faiawoli yake, nayo iambiwe kwamba Wi-Fi ya nyumbani inaaminika.

Wa pili ni kuzima "Password protected sharing", ili yeyote aingie bila kuulizwa. Katika nyumba yenye wapangaji, wageni wa mara kwa mara na rafiki za watoto wanaopewa Wi-Fi, "yeyote" ni watu wengi. Isitoshe, matoleo mapya ya Windows yanazidi kuikataa njia hiyo. Windows 11 Pro ya toleo la 24H2, lililotoka mwaka 2024, kwa kawaida haikubali kuingia kwenye folda ya mtandao kama mgeni asiyejitambulisha. Ndiyo sababu mipango ya zamani iliyotegemea ugeni huo ilivunjika baada ya kompyuta kusasishwa.

Wa tatu ni kuwasha SMB1. Hiyo ni lugha ya zamani ya kompyuta kupeana mafaili, yenye asili ya miaka ya 1980. Tarehe 12 Mei 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry vilitumia udhaifu wa lugha hiyo kusambaa katika nchi zaidi ya 100, vikifunga mafaili ya watu na kudai fedha. Hospitali nyingi za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka Machi mwaka huohuo, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimewekewa. Tangu mwishoni mwa 2017, Windows 10 mpya huja bila SMB1. Kifaa cha zamani kisichojua lugha nyingine ni bora kistaafu kuliko kuirudisha nyumba nzima nyuma kwa ajili yake.

Wa nne ni kugawana diski nzima ya C. Anayefanya hivyo hutaka tu kurahisisha kazi, lakini huweka hadharani kila kitu kilichomo, pamoja na mafaili yanayoiendesha kompyuta yenyewe. Folda moja iliyochaguliwa inatosha.

Nani aone nini

Mambo ya kiufundi yakiisha, linabaki swali la malezi ambalo fundi hawezi kulijibu. Kompyuta ya familia huwa na mengi kuliko picha za harusi. Ina hati ya mshahara, majibu ya hospitali, barua ya mgogoro wa kiwanja. Mzazi aliye mwalimu anaweza kuwa na mtihani wa muhula ambao mwanawe mwenyewe ataufanya wiki ijayo.

Folda tatu zinakidhi mahitaji ya nyumba nyingi. Ya kwanza ni ya picha na video za familia: wote wasome, mzazi mmoja tu aandike. Ya pili ni ya kazi za shule: wote wasome na kuandika, kwa kuwa ndiyo njia ya kwenda kwenye printa. Ya tatu ni ya mzazi, na hiyo isigawanywe kabisa.

Watoto waelezwe mpango huo kwa uwazi. Kijana anayeambiwa, "Hii ni ya wote, ile ni ya kazi ya baba," huelewa mipaka kama anavyoelewa kwamba kabati la wazazi halifunguliwi ovyo. Naye astahiliwe vivyo hivyo. Kompyuta yake haina haja ya kugawanywa yote ili mzazi apate kupekua, kwani anayepekuliwa kwa siri hujifunza kuficha. Kama mzazi ana wasiwasi, mazungumzo ya ana kwa ana humfikisha mbali zaidi.

Katika nyumba nyingi, anayejua kompyuta ni mtoto. Hilo si la kuonea aibu, na ni vyema afanye kazi hiyo. Mzazi akae pembeni yake, aulize kila kinachobadilishwa, na akiandike kwenye daftari: jina la kompyuta, akaunti iliyofunguliwa, folda zilizogawanywa. Siku kijana atakapokwenda bweni au kuolewa, nyumba isibaki na mitambo isiyojulikana na yeyote.

Kilichofutwa kwenye mtandao hakirudi

Lipo onyo moja ambalo kila familia inapaswa kulijua kabla ya kutoa haki ya kuandika. Mtu akifuta faili lililo kwenye kompyuta yake, kwa kawaida huenda kwenye kapu la taka na linaweza kurudishwa. Akifuta faili lililo kwenye folda ya kompyuta nyingine kupitia mtandao, kwa kawaida haliendi kwenye kapu lolote. Limekwenda.

Mtoto wa miaka saba anayecheza na kompyuta ya chumbani anaweza kufuta picha za mazishi ya babu zilizoko sebuleni, bila kukusudia na bila kuacha dalili. Virusi vinavyofunga mafaili navyo hufanya vivyo hivyo. Vikiingia kwenye kompyuta moja, huweza kufikia kila folda ambayo kompyuta hiyo ina haki ya kuandika.

Ndiyo maana haki ya "Read" kwenye picha ni ulinzi wa kweli. Mtoto ataziona zote, atazinakili akitaka kwa ajili ya kazi ya shule, lakini za asili zitabaki zilipo.

Tena, kugawana si kuhifadhi. Picha zinazoonekana kwenye kompyuta tatu lakini zimekaa kwenye diski moja ni picha za sehemu moja tu. Diski hiyo ikifa, zimetoweka kwenye zote tatu. Nakala halisi iwe kwenye diski ya nje inayochomolewa na kuwekwa kabatini baada ya kazi, kwa kuwa iliyochomolewa haifikiwi na virusi wala na mtoto. Mara moja kwa mwezi inatosha kwa familia nyingi, na zaidi ya hapo baada ya harusi, ubatizo, maulidi au mahafali.

Muhtasari wa kubandika ukutani

Kompyuta zikikataa kuonana, familia ifuate mpangilio huu bila kuruka hatua:

1. Zote ziwe kwenye Wi-Fi ya jina moja, si hotspot, si mtandao wa wageni.
2. Zote ziwe kwenye "Private", na vile vitufe viwili viwe vimewashwa.
3. Yenye mafaili iwe macho, iitwe kwa jina lake, kisha kwa namba.
4. Litumike nenosiri la kompyuta yenye mafaili, si PIN wala nafasi tupu.
5. Ruhusa ya folda ikaguliwe: kusoma au kuandika, na kwa akaunti ipi.

Fundi akilazimika kuitwa, aombwe kufanya kazi yake akifuata hatua hizohizo, na kabla hajalipwa aulizwe maswali matatu: faiawoli imewashwa, nenosiri linaulizwa, na ni folda zipi zimegawanywa? Fundi mzuri atajibu bila kuchukia na ataonyesha kwa kidole kwenye kioo. Majibu yaandikwe kwenye lile daftari, na siku ruta itakapobadilishwa, hapo ndipo pa kuanzia.